Mkono wa Kushoto wa Fundi Pumba

Kwenye ile mashine ya kusaga nafaka, maneno hayakuwa na kazi. Mota ikishawashwa, hata ukimkaribia mtu ukampigia kelele sikioni, ataona midomo yako inacheza tu. Kwa hiyo Fundi Pumba na mkewe walizoea kuongea kwa mkono, tena mkono mmoja, wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia wa fundi ulikuwa kutwa umeshika kilango cha bati kinachoachia nafaka ishuke kwenye kinu. Vidole viwili vikisuguana maana yake unga uwe laini. Kidole gumba kikitazama chini, punguza kumimina. Ngumi, zima. Kiganja kikiinuliwa wazi, acha izunguke, bado kuna mzigo tumboni. Wateja waliwaita mabubu wawili. Mmoja wao alipenda kusema kwamba ndoa ile imedumu kwa sababu hakuna anayesikia matusi ya mwenzake.

Jina la Pumba walimpa watu wa sokoni kwa kuwa hakuna aliyewahi kuziona nyusi zake zikiwa nyeusi. Mkewe wakamwita Mama Mizani, maana yeye ndiye aliyekaa kwenye mizani, karibu na ukuta wenye swichi, akipima kinachoingia na kinachotoka, na akibishana na wale ambao siku zote unga wao ulikuwa mchache kuliko mahindi waliyoleta.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Foleni ya ndoo na magunia ilitoka mlangoni ikapinda hadi kwenye kivuli cha karakana ya useremala ya mdogo wake fundi. Mama Mizani alikuwa anapima mtama wa bibi mmoja mbishi, ambaye kila mara aliushika mshale wa mizani kwa kidole kana kwamba anausaidia kufikiri. Alipoinua macho alimwona mumewe ameegemea mdomo wa mashine. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa juu, wazi, kimemwelekea yeye.

Bado, alielewa. Acha izunguke. Akamwitikia kwa kichwa, akamgeukia bibi.

Alitazama tena baadaye kidogo. Kiganja kilikuwa pale pale. Alitabasamu, akidhani mumewe anamtania, anamwambia asiwe na haraka, amalizane kwanza na huyo bibi. Akamaliza. Akapima na ndoo ya mtu aliyefuata, na ya mwingine nyuma yake.

Kilichomshtua ni mlio. Kinu chenye nafaka kinanguruma, lakini kinu kitupu kinalia kama chuma kinachosuguliwa kwa chuma, na mlio wake unaingia kwenye meno. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Fundi Pumba hakuwahi kuacha kinu kizunguke kitupu. Mama Mizani aligonga swichi kwa kiganja bila hata kuiangalia, na ukimya ulipoingia mle ndani akasikia mtu anavuta pumzi kama anayekoroma.

Mumewe alikuwa chini, amekaa baina ya magunia mawili. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda vibaya. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Alimtazama mkewe akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno.

"Huyu amelewa?" bibi mbishi akauliza kutoka mlangoni, kwa upole tu, kama anayetaka kujua.

Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeinuliwa nusu, kiganja wazi. Hapo ndipo Mama Mizani alipoelewa. Miaka yote hiyo walikuwa na ishara ya unga laini na unga wa mifugo, ishara ya mteja mkorofi, hata ishara ya chai. Hawakuwahi kutunga ishara ya kuomba msaada.

Seremala, mdogo wake fundi, alikuja na randa mkononi. Walimpakia kaka yake kwenye mkokoteni wa magunia, ule ule ambao fundi mwenyewe aliutengenezea magurudumu, wakausukuma kupandisha barabara kuelekea zahanati. Mama Mizani alishika kichwa kisigonge mbao. Nyuma yao mtu mmoja alikimbia kidogo, akauliza kwa aibu kama anaweza kuchukua mahindi yake yaliyosagwa nusu, maana anakotoka ni mbali. Mama Mizani alimwambia achukue, na ndoo asiisahau.

*

Tabibu wa zahanati alikuwa peke yake siku hiyo, na siku nyingine nyingi. Alimpima fundi shinikizo la damu mara mbili, akamwambia ainue mikono yote miwili, ukainuka mmoja. Akamwambia acheke. Fundi Pumba alijaribu, na mkewe akageuza uso.

Tabibu hakuzungusha maneno. Alisema ni kiharusi. Akaeleza kwamba kuna cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na kwa macho ya nje vinafanana kama mapacha. Cha kuziba kina sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini sindano hiyo ukimchoma aliyepasuka mshipa, umemuua. Ili kujua ni kipi inatakiwa picha ya kichwa.

"Basi mpigeni hiyo picha," seremala akasema.

"Mzee, hapa sina hata ya kidole."

Mashine ya picha ilikuwa mkoani. Gari la wagonjwa lilikuwa moja kwa wilaya nzima, na alfajiri lilikuwa limempeleka huko huko mkoani mama mmoja aliyeshindwa kujifungua. Lingerudi jioni kama barabara ingeliruhusu. Tabibu aliyasema haya yote kwa sauti ya chini, akikunja na kukunjua kile kitambaa cha kupimia, na Mama Mizani akaona kwamba ameshayasema mara nyingi kwa watu wengi, na kwamba bado hajazoea.

Wakati huo simu ya Mama Mizani ikalia. Alikuwa binti yao, aliyekuwa anauza kwenye duka la vitambaa mji mkuu. Seremala alikuwa ameshamtumia habari.

"Mama, nisikilize vizuri. Baba yake bosi wangu aliugua hivyo hivyo mwaka jana. Walimchoma sindano, sasa hivi anaendesha gari. Lakini ina muda wake. Ni ndani ya masaa manne na nusu tu tangu ianze. Zikipita hizo hawamchomi tena. Imeanza saa ngapi?"

Mama Mizani aliutazama mkono wake mwenyewe, uliojaa unga hadi kwenye kiwiko. Alitaka kusema ilianza nilipomwona, halafu akakumbuka kwamba alimwona mara mbili.

"Asubuhi hii hii," akasema.

"Asubuhi saa ngapi, mama?"

"Nilikuwa napima mtama."

Binti akasema basi msikae hapo, tafuteni gari lolote, hela natuma sasa hivi.

Gari lolote lilikuwa pikapu ya mfanyabiashara wa matofali. Alikubali kuwapeleka kwa gharama ya mafuta, jambo ambalo lilikuwa wema, ila kwanza ilibidi matofali yashushwe, na wa kuyashusha walikuwa seremala na mwenye gari wenyewe. Mama Mizani alikaa na mumewe kwenye kizingiti cha zahanati, akisikiliza matofali yakitua moja moja. Mwishowe alimwegemeza fundi ukutani, akaenda naye akaanza kushusha. Alirusha matofali bila kuyapanga. Mwenye gari aliona mengine yanavunjika, akaendelea kushusha.

*

Walimlaza nyuma juu ya godoro la tabibu, lile la chumba cha mapumziko, na tabibu akasisitiza kwamba lirudi. Barabara ilikuwa ya mawe. Kila gari liliporuka, vumbi la unga lilipanda kutoka kwenye nguo za fundi na nywele zake, likapeperuka nyuma. Mama Mizani alikuwa amekiweka kichwa chake mapajani, anamwangalia akibadilika rangi kidogo kidogo, akitokeza mtu mweusi ambaye yeye alizoea kumwona Jumapili tu.

Alijaribu kuongea naye kwa lugha yao. Aliukunja mkono wake wa kushoto ngumi, akamwonyesha. Akasugua vidole viwili. Fundi alimtazama kwa makini sana, kama mtoto anayefundishwa, kisha akainua kiganja wazi. Akajaribu tena. Kiganja wazi. Maneno yote yalikuwa yamemtoka, ya mdomoni na ya mkononi, likabaki hilo moja.

Mbele ya safari lami ikaanza ghafla, nyeusi na nyororo, bila kona wala mto wala sababu yoyote ya kuonekana. Seremala alichungulia kutoka dirishani, akamwambia shemeji yake kwamba hapa ndipo serikali ilipopatia nguvu. Hakucheka, wala Mama Mizani hakucheka, lakini ilisaidia kidogo kuwa kuna mtu amesema kitu.

Hospitali ya mkoa ilikuwa na geti, na geti lilikuwa na mlinzi, na mlinzi alitaka kujua kwa nini mgonjwa analetwa kwenye gari la matofali. Ndani, muuguzi mmoja mwenye haraka alimfuta fundi uso kwa kitambaa chenye maji, akafuta tena, kitambaa kikawa kama kimechovywa kwenye uji.

"Huyu mmemtoa wapi, dada, kwenye gunia?" akauliza. Hakuwa na ubaya. Lakini aliuliza kwa sauti, na watu wa kwenye benchi wakageuka kutazama, na wakati huo huo suruali ya fundi ikalowa. Mama Mizani alivua mtandio wake akamfunika kiunoni. Alibaki kichwa wazi, nywele nyeupe za unga, mbele ya ukumbi uliojaa wageni.

Picha haikupigwa. Mashine ilikuwepo, kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, imefunikwa turubai jeupe lililokunjwa vizuri kwenye pembe. Mtaalamu wake aliwafungulia mlango, labda kwa sababu seremala hakuwa anaamini. Aliwaeleza kwamba iliharibika kabla ya mvua. Kifaa chake kimoja kimeagizwa, na mtu wa kuja kukifunga anatoka mji mkuu, na huyo mtu mikoa yote inamgombania.

"Kifaa chenyewe kikoje?" Mama Mizani akauliza.

Mtaalamu alionyesha kwa viganja vyake: ukubwa wa debe, si zaidi.

"Sisi mkanda ukikatika tunaushona na waya," seremala akasema. "Jioni tunasaga."

"Ningeweza kushona, mzee wangu, ningeshashona." Mtaalamu alizima taa, akafunga mlango, akabaki ameshika kitasa. "Kila siku naingia kazini. Nafuta vumbi, naondoka."

Daktari wa zamu aliwaandikia rufaa ya kwenda mji mkuu. Hospitali hii ilikuwa na gari la wagonjwa, tena zuri, lenye kitanda na mtungi wa hewa, ila mafuta ni ya ndugu. Zile pesa alizotuma binti zilikuwa zimeishia kwenye pikapu. Seremala alitoka nje na simu, akampigia huyu na yule, na Mama Mizani alimwona kupitia dirishani jinsi alivyokuwa anainama kidogo kila alipoanza kuongea, kana kwamba aliyempigia anamwona. Alikuwa mtu wa kujiringa yule, seremala asiyepunguza bei hata kwa mchungaji. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mafuta yalikuwa yamepatikana.

*

Muuguzi aliyewasindikiza kwenye gari la wagonjwa alikuwa kijana mpole. Dereva aliwasha king'ora walipotoka getini, akakizima walipofika nje ya mji, maana hakukuwa na mtu wa kumpisha. Barabara ilikuwa nzuri. Mashamba yalipita, vituo vya mafuta vikapita, watoto wa shule wakapunga mikono.

Mama Mizani hakuwa na saa. Alikuwa na jua tu, lililoingia kwa dirisha la upande wa kulia, na alijua kusoma jua kama mtu yeyote anayefungua kazi na kufunga kazi kwa mwanga. Aliliona likishuka kwenye kioo. Alikuwa na hesabu moja kichwani, akawa anaizungusha tangu mtama wa bibi mpaka tofali la mwisho, mpaka turubai jeupe, mpaka hapa.

Simu ililia. Binti aliuliza wamefika wapi. Mama Mizani alimpa muuguzi, muuguzi akataja mahali. Mama Mizani alisikia pumzi ya binti ndani ya simu iliyokuwa mkononi mwa mtu mwingine, kisha akasikia akisema haya, asante, mimi nawasubiri getini.

Kwa hiyo muda ule wa sindano ulipita pale. Hakuna kilichotokea. Gari halikuyumba, mgonjwa hakulia. Walikuwa wanapita mbele ya duka la matairi, na mtu mmoja alikuwa amekaa nje juu ya tairi anakula muwa. Muuguzi kijana alirekebisha shuka miguuni mwa fundi, akaendelea kuangalia dirishani.

Seremala, aliyekuwa amekaa mbele na dereva, aligeuka akauliza kama wako vizuri huko nyuma. Shemeji yake akamwambia wako vizuri.

*

Mji mkuu picha ya kichwa ilipigwa kabla Mama Mizani hajapata mahali pa kuweka kifurushi chake. Mashine ilikuwa mlango wa tatu ukishaingia. Walimsukuma ndani na kitanda, wakamtoa, na daktari akawa ameshaiona picha kwenye kioo cha kompyuta. Alikuwa binti mdogo, umri wa mwanawe, mwenye viatu vya kukimbilia. Alivuta kiti akakaa, macho yao yakawa sawa.

Alisema ni kile cha kuziba. Kile chenye sindano.

Binti yao, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, alishika mabega yake kwa mikono miwili.

Daktari akaendelea. Sindano ilikuwepo pale hospitalini, kwenye friji, lakini kwa sasa ingemdhuru kuliko kumsaidia. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu ilikuwa imeshakufa. Watampa dawa nyingine za kuzuia kisirudi, na mazoezi, na wataona. Akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu zao, ilianza saa ngapi hasa.

Mama Mizani alimwambia. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, lakini huyu alikuwa ameuliza vizuri na alikuwa amekaa. Alimweleza habari za kilango na mkono wa kulia, na kwamba mashine ikiwa inalia wao huongea kwa mkono wa kushoto, na kiganja wazi maana yake acha. Alimwonyesha kwa mkono wake. Alimwambia kwamba aliona mara mbili, na kwamba mara ya pili alitabasamu.

"Aliniita nikamwitikia kwa kichwa," akasema. "Nikaendelea kupima."

Daktari akaweka mkono wake juu ya goti la Mama Mizani.

"Mama. Hata kama ungezima mashine pale pale, msingefika."

"Tungewahi kidogo."

"Mngewahi kidogo. Lakini msingefika." Alitazama chini, akachagua maneno. "Mimi hapa nina mwaka wa tatu. Kutoka wilaya ile yenu nimepokea watu wengi. Hajafika hata mmoja kwa wakati."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Alikusudia kumtua mzigo, na Mama Mizani alijua hivyo, akamshukuru. Lakini maneno yenyewe hayakupata mahali pa kukaa. Aliyageuza huku na huku. Kama wasingefika kwa vyovyote vile, basi hakuwa na kosa. Na kama hakuwa na kosa, basi mkono ule uliinuliwa bure, na ungeinuliwa bure hata angekuwa amesimama karibu yake. Hakujua lipi ni afadhali, awe amekosa, au mkono uwe uliinuliwa bure. Kosa lingekuwa lake, angalau.

*

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na fundi wa kushona suti, mtu mwembamba mwenye miwani. Naye kilimpata kiharusi, siku hiyo hiyo, wakati anapiga mswaki. Mkewe alikuwa mchangamfu, mtu wa kugawa alichonacho, na alimsimulia Mama Mizani yote bila kuulizwa. Wanakaa nyuma tu hapo, ukitoka geti dogo ni nyumba ya nne. Mwanaume alidondosha mswaki, akaanza kuongea kama redio iliyopoteza stesheni, wakamleta kwa miguu, mmoja huku mmoja kule. Alichomwa sindano chai ikiwa bado ya moto mezani nyumbani.

"Mungu ametuona," yule mama akasema. "Na nyie mnakaa wapi, dada yangu?"

Mama Mizani alimtajia. Yule mama alisema aa, kwa sauti ya mtu aliyesikia jina la mahali kwenye taarifa ya habari, akauliza huko kuna joto eti.

Siku ya tatu fundi wa suti alimenya chungwa. Alilishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukazungusha kisu, na ganda likashuka mfululizo bila kukatika. Alilitazama lile ganda akacheka peke yake. Akaligawa chungwa vipande viwili, akainuka, akatembea hadi kitanda cha Fundi Pumba, akampa nusu.

"Chukua, fundi mwenzangu."

Fundi Pumba alilitazama chungwa. Akautazama mkono wake wa kulia, akaungoja. Aliungoja kwa muda mrefu, kwa subira, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani. Fundi wa suti alibaki amenyoosha mkono, tabasamu likimkauka. Mwishowe Mama Mizani alilipokea yeye, akashukuru kwa niaba, akamkamulia mumewe mdomoni upande ule unaofunga.

*

Walirudi nyumbani kwa basi, wakiwa wamemlipia viti viwili ili aweze kulala kidogo. Mazoezi ya mkono waliambiwa yafanywe kila wiki na mtaalamu, na mtaalamu alikuwa mkoani. Walikwenda mara mbili. Mara ya tatu mvua ikakata barabara, na baada ya hapo seremala akawa anaukunja na kuukunjua mkono wa kaka yake mwenyewe, jioni, akiwa amemaliza kazi, kwa namna ile ile anavyojaribu bawaba za mlango. Godoro la tabibu lilirudishwa.

Mashine ikawashwa tena, maana hakukuwa na lingine la kufanya. Siku za soko seremala alishika kilango. Fundi Pumba alikalishwa kwenye kiti cha mikono karibu na mlango, mahali ambapo mkewe angemwona kutoka kwenye mizani. Vumbi lilimfuata pale pale kwenye kiti, na kufikia saa sita nyusi zake zilikuwa nyeupe kama zamani, hata mgeni asingejua kwamba hafanyi kazi.

Sasa kulikuwa na sheria mpya, ingawa Mama Mizani hakuitangaza. Mkono wa kushoto ukiinuka, yeye anazima. Hakungoja kutazama kama ni kiganja au ngumi au ni kujikuna. Alizima, mota ikapumua ikafa, nafaka ikabaki imejaa mdomoni mwa mashine, akaenda akainama mbele ya kile kiti. Wakati mwingine fundi alitaka maji. Wakati mwingine ni inzi. Mara nyingi hakuwa na alichotaka ambacho mkewe aliweza kukijua, akamrekebishia kola tu, akarudi akawasha. Kuwasha na kuzima namna ile kunaiumiza mota. Seremala alishamwambia mara moja, akaona uso wake, hakurudia.

Wateja walinung'unika mwanzoni. Mmoja alisema unga wake siku hizi unalala njiani kama abiria. Baadaye wakanyamaza, wengine wakahamia kwenye mashine ya ng'ambo ya soko, na foleni haikufika tena kwenye kivuli cha karakana.

Bibi mbishi hakuhama. Alikuja siku moja na mtama wake, akapima, akabishana, akaushika mshale. Kinu kilikuwa kimefika nusu ya mzigo wake pale kiganja kilipoinuka mlangoni. Mama Mizani akagonga swichi. Ukimya ukaingia, na katika ukimya huo bibi alimsikiliza akiuliza, kwa sauti ya chini, unataka nini, nimekuja, nipo hapa.

Fundi Pumba hakumtazama. Alikuwa anatazama juu ya bega lake, kwenye mashine, kwenye nafaka iliyosimama. Kiganja kilikuwa wazi, kimenyooka, hakitetemeki. Alikitingisha kidogo mbele, mara moja, kama zamani alipokuwa na haraka.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

"Sijui."

"Si nyie mna lugha yenu?"

"Tunayo," Mama Mizani akasema. "Hivi maana yake niiache izunguke."

"Basi si uiache, mwanangu. Mbona umezima?"

Seremala aliinua uso kutoka kwenye kilango. Watu watatu wa kwenye foleni walikuwa wanatazama pembeni, kila mmoja akijifanya anapanga ndoo yake. Mama Mizani alisimama baina ya kiti na swichi, unga ukimshukia taratibu mabegani. Hakurudi kuiwasha, wala hakuondoka mbele ya ule mkono, nao ukabaki pale pale ulipoinuliwa.